Mtambo Uliosimama kwa Heshima

Jina la nchi yetu sitalitaja. Kwa mujibu wa sheria, likitajwa hadharani kila aliyelisikia husimama, na mimi miguu yangu imechoka. Nimekuwa mkuu wa Gereza la Mlangobaridi tangu ndevu zangu zikiwa nyeusi, na katika kazi hiyo nimesimama vya kutosha. Msomaji aniwie radhi, akae, nami nikae, tuzungumze taratibu.

Kwetu mambo yote ya raia yamo ndani ya Mtambo Mkuu. Ni kompyuta kubwa iliyowekwa Makao Makuu, katika jumba lenye walinzi wengi kuliko benki. Kuzaliwa kwako kumo humo, ndoa yako imo humo, shamba lako na mbuzi wako wamo. Kama Mtambo haukujui, hata mama yako mzazi anashauriwa asikujue. Ni maendeleo, na tunayashukuru, ila Mtambo una ugonjwa mmoja. Hujizima wenyewe bila kuguswa, ukakaa kimya kidogo, kisha ukajiwasha. Ukishajiwasha huwa umesahau kila shughuli ambayo haikuwa imefika mwisho. Bibi harusi aliyekuwa katikati ya kuandikishwa hurudi foleni, na bwana harusi hupata nafasi ya kufikiri tena.

Jambo hili lisingenisumbua, maana gerezani hatuna haraka. Lakini nilikuwa na mfungwa mmoja, Mikidadi, ambaye kifungo chake kilikwisha na bado alikuwa kwangu.

Mikidadi alikuwa akiuza mkaa kwa baiskeli. Jioni moja aliteremka mlima wa Boma na magunia yake, bendera ikawa inashushwa, wimbo wa taifa ukapigwa, mji mzima ukasimama. Mikidadi hakusimama. Baiskeli yake haikuwa na breki. Alipita mbele ya Mkuu wa Wilaya, akapita mbele ya gwaride, akauzunguka mlingoti wenyewe, huku akipiga kengele na kuomba radhi, mpaka alipotua mtaroni nyuma ya kituo cha polisi. Hakimu alimwuliza kwa nini hakusimama. Akajibu kwamba nia ya kusimama alikuwa nayo tangu kule juu mlimani. Hakimu aliandika kuwa mshtakiwa amekiri kuwa na nia, akamfunga.

Kifungo chake kilikwisha wakati wa mahindi mabichi. Sasa, kumtoa mtu gerezani kwetu si kufungua mlango. Lazima wakubwa saba wabonyeze idhini ndani ya Mtambo, mmoja baada ya mwingine, kila mtu ofisini kwake. Huanza mimi. Hufuata mganga wa wilaya, athibitishe kwamba anayetoka ni mzima. Hufuata bwana shamba, athibitishe kwamba mfungwa hakuondoka na mbegu. Huenda hivyo hivyo, ngazi kwa ngazi, mpaka kwa Katibu Mkuu huko Makao Makuu. Mtambo ukijizima kabla Katibu Mkuu hajabonyeza, idhini zote hupotea, na tunaanza tena na mimi. Nilimbonyezea Mikidadi mpaka nikawa nabonyeza bila kutazama, kama mtu anayefukuza nzi.

Kwa hiyo alikaa. Asubuhi nilimtuma sokoni kununua nyanya za wafungwa, akarudi na chenji kamili. Kufuli la lango lilipoharibika, yeye ndiye aliyelitengeneza, akiwa upande wa nje. Siku moja nilimwuliza kwa nini hatoroki, maana wote tungejifanya tumegeukia ukutani.

"Afande," akasema, "nikiondoka Mtambo haujaniachia, nitakuwa mtoro. Mtoro hukaa porini. Mimi nataka kukaa nyumbani."

*

Kisha ikaja habari kutoka Chumvini, kijiji chao. Jirani yao, Bi Kazija, alifunga safari mpaka langoni kwetu. Alisema Bi Somoe, mama yake Mikidadi, haamki tena kitandani. Miguu imevimba, chakula chake ni uji, na akinywa vijiko viwili husema ameshiba. Mikidadi ni mwanawe wa pekee. Kila asubuhi huuliza kama amefika.

Mikidadi alikuja ofisini kwangu akakaa chini, sakafuni, ingawa kiti kilikuwapo.

"Afande, mimi sijawahi kukuomba kitu."

Ilikuwa kweli. Hata blanketi la pili hakuwahi kuomba.

"Leo nakuomba. Mama akiondoka sijamwona, huko kunitoa kwenyewe mtakuwa mnanitoa niende wapi?"

Kumpa ruhusa ya mdomo nisingeweza. Chumvini ni mbali, na barabarani kuna vizuizi ambako kila msafiri huweka kidole gumba kwenye kidude, na kidude huuliza Mtambo huyu ni nani. Mfungwa akionekana huko hurudishwa kwa mbwa, na aliyemwachia huingia mahali pake. Nilimwambia avumilie, nikapanda lori la gereza kwenda Makao Makuu kuuliza ugonjwa wa Mtambo utapona lini. Nilikuwa na wasiwasi, sifichi. Nimeona watu wengi wakifa wakisubiri kitu, na karibu wote waliambiwa wavumilie.

*

Makao Makuu nilielezwa kwamba serikali haijalala. Kwanza ilishukiwa kuwa umeme ndio unaokatika, ikanunuliwa jenereta kubwa, ikafungwa nyumbani kwa Waziri wa Mitambo na Maadili ili asiwe gizani anapolifikiria tatizo. Mtambo ukaendelea kujizima. Ikashukiwa joto, kikanunuliwa kiyoyozi, kikafungwa ofisini kwa Waziri huyo huyo, kwa kuwa Mtambo uko chini yake. Akaletwa mganga kutoka bara, akachinja mbuzi mweusi kwenye kizingiti cha jumba. Mtambo ulijizima mbuzi yule akiwa anaandikwa amekufa, kwa hiyo kumbukumbuni bado yu hai, na mwenye mbuzi anatakiwa kumpeleka chanjo kila mwaka. Mwisho ikasemwa ni maadui wa nje. Hapo ndipo ilipoundwa Tume.

Katibu wa Tume alikuwa Fundi Zahoro, mtu mwembamba mwenye macho mekundu, ambaye ndiye aliyeulea Mtambo tangu ulipofika. Tulikaa kantini. Aliagiza chai mbili, akakoroga yake muda mrefu bila kutia sukari.

"Zamani ulikuwa hauzimi," akasema. "Ungenguruma mwaka mzima, hauna habari. Ikaja siku ya uzinduzi. Wimbo wa taifa ukapigwa, watu wote wima, kimya, na Mtambo ukaendelea kunguruma. Mgeni rasmi, Mheshimiwa Ngomale, akageuka akauliza, nani huyo anapiga kelele kwenye wimbo wa taifa?"

"Ukamwambia nini?"

"Nikamwambia ni feni, Mheshimiwa. Akaniuliza, feni ya chama gani?"

Fundi Zahoro aliamriwa kuufundisha Mtambo adabu. Alijaribu kueleza kwamba mashine haina miguu ya kusimamia. Akaambiwa hilo ni suala la kitaalamu, yeye ndiye mtaalamu. Basi akaandika ndani yake amri inayojitekeleza yenyewe, isiyomsubiri mtu: wimbo wa taifa ukianza, Mtambo uache kila ulichokuwa unafanya, ujizime, unyamaze, kisha ujiwashe upya.

"Siku zile haikuwa taabu," akasema. "Wimbo ulipigwa bendera ikipanda na bendera ikishuka. Halafu ukaja Waraka wa Uzalendo."

Waraka huo naujua. Unasema kila kikao cha ofisi yoyote ya serikali kifunguliwe kwa wimbo wa taifa. Ili watendaji wasidanganye kwamba wameimba, kila ukumbi ulifungiwa kitufe ukutani. Ukikibonyeza, spika za ukumbini hupiga wimbo, na Mtambo hupata habari kwamba wimbo umepigwa. Hata gerezani kwetu kipo, pembeni ya mtungi wa maji. Nilianza kuelewa, na sikufurahi.

"Kwa hiyo kamati ya vyoo ya wilaya ya mwisho kabisa mpakani ikifungua kikao..."

"Mtambo unasimama kwa heshima. Nchi nzima."

"Sasa si uiondoe hiyo amri?"

Alitazama kushoto, akatazama kulia. "Niiondoe kwa saini ya nani, Afande? Lazima iandikwe barua. Barua itasema, kuanzia leo Mtambo Mkuu usiuheshimu wimbo wa taifa. Utaisaini wewe?"

Nilikunywa chai yangu. Ilikuwa imepoa.

"Tume inajua?"

"Inajua. Mheshimiwa Ngomale sasa ndiye Waziri, na ndiye Mwenyekiti wa Tume."

"Basi mnachunguza nini?"

"Tunachunguza," akasema Fundi Zahoro, kwa sauti ya mtu aliyekwisha kuulizwa swali hilo na mkewe. "Kuchunguza ni kazi, Afande. Siku tutakayogundua, kazi itakuwa imekwisha."

*

Siku iliyofuata niliitwa mbele ya Tume kutoa ushahidi. Kabla ya hapo niliamka mapema, nikabonyeza idhini yangu kwenye kompyuta ya Fundi Zahoro, nikapiga simu kila ofisi, nikawabembeleza wakubwa wale mmoja mmoja. Mganga alibonyeza. Bwana shamba alibonyeza. Hata afisa tarafa, ambaye huwa hapatikani, alipatikana. Idhini ya Mikidadi ilipanda ngazi vizuri mpaka ikabaki kwa Katibu Mkuu peke yake, naye alikuwa mjumbe wa Tume, kakaa viti viwili kutoka kwangu na kompyuta yake imefunguliwa. Nilimnong'oneza. Ni mtu mwema. Alivaa miwani, akalitafuta jina, akalipata, akainua kidole.

Waziri akaingia. Mhudumu akabonyeza kitufe ukutani.

Wimbo ulipoanza tulisimama wote, mikono ubavuni kama sheria inavyotaka, na kidole cha Katibu Mkuu kikashuka pamoja na mkono wake. Kutoka chumba cha pili tulisikia Mtambo ukipunguza mngurumo, ukanyamaza. Nilimtazama Katibu Mkuu naye akanitazama. Alikuwa na huzuni usoni, lakini alisimama wima kabisa.

Wimbo ulipokwisha, Waziri Ngomale alikohoa.

"Waheshimiwa wajumbe. Ni kwa masikitiko makubwa, na kwa moyo mzito usioyumba, kwamba naarifiwa sasa hivi, tukiwa tumekutana hapa kuutibu, Mtambo umezima tena. Adui ana masikio. Adui anajua ratiba yetu. Lakini nataka nimhakikishie adui, popote alipo, kwamba Tume hii haitachoka kukutana. Kila atakapouzima, tutakutana. Na kama itabidi kukutana mara nyingi zaidi, tutakutana mara nyingi zaidi."

Wajumbe walipiga meza. Fundi Zahoro aliandika neno moja, akalifuta.

Zamu yangu ilipofika nilieleza habari za Mikidadi. Sikuisema sababu ambayo kila aliyekuwapo alikuwa akiijua. Nilisema tu kwamba kifungo kimekwisha, mtu ni mwema, mama yake anaumwa, na naomba Mtambo uachwe utulie kidogo ili jina lake lipite.

Waziri alinisikiliza ameinamisha kichwa. "Afande," akasema, "umeligusa taifa. Lakini tukumbuke kwamba mama wa kwanza wa kila raia ni nchi, na nchi, namshukuru Mungu, haijaugua. Hata hivyo serikali ni sikivu. Naagiza kiitishwe kikao maalumu cha kulishughulikia suala la huyu ndugu. Na kwa uzito wake, wimbo upigwe mwanzo, katikati na mwisho."

Nilitoka nje nikaegemea ukuta. Hasira sikuwa nayo. Hasira inataka nguvu. Fundi Zahoro alinifuata, akasimama karibu yangu akitazama uani, kama mtu anayengoja mvua ikatike.

"Kufa ni mbonyezo mmoja tu," akasema.

"Unasemaje?"

"Kutoka gerezani kuna ngazi saba. Kufa hakuna ngazi. Mkuu wa gereza anabonyeza, jambo linakwisha pale pale, na likishaingia halifutiki, hata upigwe wimbo namna gani. Serikali haijawahi kuona sababu ya kumchelewesha marehemu." Akarudi ndani kwenda kuandika kumbukumbu za kikao.

*

Niliporudi Mlangobaridi nilimwita Mikidadi, nikamweleza. Alichezea kofia yake.

"Nikishakufa nitaweza kuuza mkaa?"

"Mkaa, ndiyo. Leseni ya mkaa, hapana."

"Hospitali?"

"Hapana. Wala shamba. Wala kuoa."

"Na kura?"

"Kura utapiga. Marehemu hapa kwetu hupiga."

Alicheka kidogo, kisha akaacha. "Mtu akifa mara moja, Afande, kurudi hakuna?"

"Kurudi kunataka wakubwa kumi na wanne. Nimeuliza."

Alitazama dirishani, upande wa barabara ya Chumvini. "Basi niue," akasema.

Nilingoja wimbo wa bendera upite, na kabla ofisi za wilaya hazijaanza vikao nikabonyeza. Ilipita mara moja, kama maji. Mtambo ukaandika: *Mikidadi wa Somoe, marehemu. Wizara inakushukuru kwa kupunguza msongamano magerezani.* Nilikaa nikitazama maneno hayo. Ilikuwa mara ya kwanza kushukuriwa tangu niajiriwe.

Yakafuata maneno mengine, ambayo sikuyategemea: *Salamu za rambirambi zimetumwa kwa mama wa marehemu kupitia simu ya mwenyekiti wa kijiji. Zisomwe kwa sauti.*

Nilikuwa nimefikiria vizuizi, nikafikiria mbwa, nikafikiria pensheni yangu, na sikumfikiria mama mgonjwa anayesomewa kwa sauti kwamba mwanawe amekufa. Nilimpigia simu mwenyekiti wa Chumvini. Simu ilikuwa inatumika. Nikapiga tena, ikawa inatumika. Alikuwa anaita watu msibani.

Nilipomwambia Mikidadi, hakunilaumu. Alikimbilia kwenye lori.

Njia nzima alikaa kati yangu na dereva, mikono katikati ya magoti. Kwenye kizuizi aliweka kidole gumba kwenye kidude. Askari akasoma, akavua kofia.

"Marehemu. Apite," akasema. Halafu akainama dirishani akamwambia Mikidadi mwenyewe, "Poleni na msiba."

"Tumeshapoa," akajibu Mikidadi.

Ilikuwa hivyo kila kizuizi. Hatukuwahi kusafiri kwa wepesi namna ile. Tulipokaribia Chumvini alisema jambo moja tu.

"Kama amezipata zile salamu, Afande, tumemuua sisi. Si Mtambo. Sisi."

Nilijua kuwa ni kweli, na niliona haya kumtazama.

*

Uani kwa Bi Somoe mikeka ilikuwa imetandikwa na turubai limefungwa. Wanaume walikaa nje wakila chakula cha msiba na kuongea chini chini, wanawake walikuwa ndani wakilia. Mwenyekiti wa kijiji alikuwa katikati, na simu mkononi, akimsomea aliyechelewa. Lori liliposimama na Mikidadi akateremka, kilio kilikatika. Watu wawili waliondoka mbio. Wengine hawakujua kama wakimbie au wampe mkono.

"Mama yuko wapi?" akauliza Mikidadi.

Watu walitazama mikeka. Nikamshika mkono. Kisha Bi Kazija akatoka ndani kwa wanawake, macho yamevimba, akanyoosha kidole upande wa jikoni.

Bi Somoe alikuwa amesimama mekoni, karibu na mlango wa jiko, kashika mhimili kwa mkono mmoja, na kwa mkono mwingine akisonga ugali. Miguu yake ilikuwa imevimba kweli. Jasho lilimtoka. Alimtazama mwanawe toka juu mpaka chini.

"Umekonda," akasema. "Nawa mikono, baba."

Mikidadi alikwenda akamkumbatia, mwiko ukiwa katikati yao, akalia kwa sauti, mtu mzima mwenye ndevu. Nami nilifuta macho yangu kwa kofia ya serikali. Watu pale uani hawakujua sasa walie au waache, kwa hiyo waliendelea kula.

Nilimvuta Bi Kazija pembeni, nikamwuliza ilikuwaje.

"Sisi tulidhani atakufa hapo hapo," akasema. "Mwenyekiti alisoma yote, serikali inasikitika, serikali inaungana nawe. Bi Somoe akamwuliza, nani amesema? Mwenyekiti akamwambia, serikali. Akauliza, serikali yenyewe au wewe? Akamwambia, serikali yenyewe, kwa Mtambo. Basi akashusha miguu kitandani. Akatuambia, nipisheni nimpikie mwanangu, yuko njiani. Tukajua msiba umemzidi akili. Tukazidi kulia."

Nilikwenda kumwamkia. "Shikamoo, mama."

"Marahaba. Ndiwe mkuu wao?"

"Ndimi."

"Mlikuwa mkiniletea salamu za serikali," akasema, bila kuacha kusonga. "Kila mwezi, kwa simu ya mwenyekiti. Yu mzima, hajambo, anatoka wiki hii. Nilipozisikia zile ndipo nilipougua. Nikasema, ikisema serikali kwamba anatoka, basi, mwanangu simwoni tena. Leo wameniambia amekufa." Aliugeuza ugali kwenye sinia, akapumua. "Moyo ukatua."

Mikidadi alimsaidia kukaa kwenye kigoda, akamwekea miguu juu ya gunia. Bi Somoe alinitazama tena, safari hii kwa muda, kama anayetaka kuniuliza jambo na analiogopa.

"Na mimi je?" akaniuliza. "Kuhusu maradhi yangu, huko kwenu wamesema nitapona?"

"Hawajasema kitu, mama."

"Afadhali," akasema, akamega tonge.